UZI: Kesho ya sanaa ya Amu, na nani analipia mazoezi?

Mtayarishaji_Langoni

Assalaam alaykum wana Amu (Lamu), Shela, Pate, na ndugu wa Malindi na Mombasa mnaopita humu. Kila ninapokaa siku hizi, barazani au kwenye makundi ya WhatsApp, mazungumzo ni haya haya: akili unde inatunga nyimbo, YouTube hailipi, tamasha ni siku chache kisha basi, wasanii wa ng'ambo wanabuni njia mpya, na sisi je? Nimeamua kuyaandika yangu mahali pamoja. Ni marefu, mnivumilie.

Kazi yangu ni kurekodi na kutayarisha. Qasida, twari (ngoma ndogo za mkono), goma, nyimbo za harusi, na vijana wa kufokafoka (rap) wa hapa hapa mjini. Pesa za msanii hupita mkononi mwangu kabla hazijamfikia mwenyewe, kwa hiyo nazijua zinapoingilia na zinapopotelea.

Hoja yangu ni moja. Amu haijakosa watazamaji hata siku moja. Inachokosa ni mtu wa kugharamia kazi kabla haijawa kazi. Pesa zote, ziwe za kaunti, za hoteli au za mfadhili, huja siku ya onyesho. Mazoezi hayana mfuko. Mwanafunzi hana mfuko. Mshairi anayekesha akitafuta vina hana mfuko.

Chukueni goma la fimbo. Mgeni akilikuta Mkunguni mbele ya ngome anaona wanaume wa kanzu nyeupe wamepanga safu, bakora zinainuka na kushuka kwa pamoja, na zumari juu ya yote. Anayeliongoza lile goma ni mpiga zumari. Yule bwana hakatizi sauti ili apumue. Anavuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma, mlio uende moja kwa moja hata ngoma zikibadilika. Kijana hajifunzi hilo kwa video. Hukaa na mzee, midomo ikampasuka, akatoa sauti mbovu muda mrefu, na jioni akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwisho anaona heri aende gatini kupakua mizigo, na simlaumu. Mzee akifariki tunaanza kuulizana nani atapiga, na jibu linakuwa spika. Goma linafia hapo, kwenye ule mwezi ambao kijana hakuwa na nauli wala chakula, na jukwaani tunakuja kuona matokeo tu.

Sasa wenzetu. Mwaka 2020 kumbi zilipofungwa dunia nzima, wasanii na watayarishaji wengi waliona wazi kwamba walikuwa wamesimama juu ya tiketi peke yake. Huko New York kukaanzishwa mpango wa Creatives Rebuild New York: wasanii 2,400 walipewa dola 1,000 kila mwezi kwa miezi 18, bila kudaiwa mchoro wala wimbo. Ireland iliingia serikali yenyewe mwaka 2022: watu 2,000 wa sanaa, yuro 325 kwa wiki kwa miaka mitatu, na waliotimiza masharti wakapigiwa kura ya bahati ili asipatikane wa kupendelea jamaa zake. Sisemi tuige viwango, kaunti yetu haina pesa hizo. Nataka mtazame walikoiweka pesa: kwenye maisha ya msanii, kabla ya kazi kuonekana.

Nangoja maoni yenu. Nina la pili juu ya Maulidi, nitaliweka baadaye.

Fundi_Nakshi

Shekhe umenena. Niongeze la upande wa mbao.

Mlango unaanza na kununua ubao, na ubao mzuri ni ghali. Mbamba kofi siku hizi ni wa kutafuta. Mteja analipa nusu, na nusu ile yote inaishia kwenye mbao. Kijana aliyekaa nami namlipa nini mpaka mlango usimame? Kazi yake ni kupiga msasa, kushika ubao usicheze, kuchora duara kwa bikari. Mfaa ndio wa mwisho kumpa, kwa sababu mfaa umekaa katikati ya mlango, na patasi ikiteleza pale kila anayepiga hodi ataiona. Basi mpaka aruhusiwe kuugusa mfaa ameshakaa nami miaka, hana kazi hata moja ya kusema hii ni yangu.

Na kuna hizi mashine zinazoongozwa na kompyuta. Mtu anakuja na picha ya nakshi yetu kwenye simu ananiambia Mombasa atachongewa kwa siku moja. Ni kweli, atachongewa. Mimi siichukii mashine. Ningekuwa nayo ningeipa kazi ya kuchimba, halafu mkono ukamalizia. Lakini mashine inalirudia waridi lililokwisha kuchongwa. Wa kuchora waridi jipya ni yule kijana, naye ndiye asiyelipwa.

Msomi_Mkomani

Nakubaliana na nyote wawili, ila tusizungumze kama kwamba jambo hili limeanza New York. Tuna mfano wetu, na una funzo chungu.

Muhamadi Kijumwa, mtu wa mji huu, amefariki 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa khati (mwandiko wa herufi za Kiarabu), mchonga mbao, mwanamuziki. Wazungu waliokuwa wakitafuta tenzi, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea awaandikie na kuwanakilia, naye akalipwa kwa kazi hiyo. Utenzi wa Liyongo aliuandika 1913. Kwa maneno ya Mtayarishaji, huyu alipata wa kumgharamia kazi kabla haijaonekana na mtu. Sasa tazameni ilikokwenda ile kazi: London, kwenye maktaba ya chuo cha SOAS, na Ujerumani. Zimehifadhiwa vizuri, hilo nashukuru, maana hapa mchwa na chumvi havina huruma na karatasi. Lakini mtoto wa Mkomani akitaka kuiona khati ya Kijumwa kwa macho yake lazima apande ndege.

Kwa hiyo suali la nani analipia mazoezi lina mwenzake: kazi ikiisha, inalala kwa nani? Mfadhili mwema wa leo anaweza kuondoka na kila kitu, na wala hatakuwa ameiba.

Rapa_Wiyoni

Kaka zangu na wazee wangu, heshima mbele. Mimi ni wa hao vijana wa kufokafoka. Nawasoma nyote mwasema goma, nakshi, khati. Mimi natunga kwa Kiamu, narekodi kwa Mtayarishaji, naweka YouTube na TikTok. Jukwaa langu ni simu. Huo mfuko mnaouota, sisi tumo? Au sanaa ya Amu ni ile ya kabla hatujazaliwa?

Na suali la pili: kama kuna njia ya kumfikia mtu bila kupitia tamasha wala hoteli, kwa nini tusitie nguvu huko?

Mtayarishaji_Langoni

Rapa, mumo, tena mbele. Anayetunga kwa Kiamu mwaka huu anafanya kazi ile ile ya waliotangulia. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wetu, tungo zake zilisambaa pwani nzima kwa kanda tangu miaka ya 1970. Watu wakizisikiliza majumbani na madukani. Kanda ndiyo ilikuwa simu ya wakati ule. Zein l'Abdin naye alizaliwa hapa, udi wake ukavuma akiwa Mombasa, kanda zikampeleka mpaka ng'ambo. Sanaa yetu haijawahi kuogopa chombo kipya.

Ila juu ya suali lako la pili nina shaka. Chombo cha kusambaza kinakulipa baada ya kusikilizwa, na kinakulipa kidogo. Hata ile miito ya simu, nyimbo anazosikia anayekupigia, ilibidi sheria ibadilishwe mwaka 2022 ndipo msanii ahakikishiwe angalau asilimia 52. Ni ushindi mkubwa, nao pia ni pesa ya baadaye. Ukiwa huna ya studio leo, asilimia 52 ya wimbo usiorekodiwa ni sifuri. Kwa hiyo weka YouTube, weka TikTok, nitakusaidia. Lakini nitaendelea kuuliza nani alikulisha ulipokuwa ukiandika.

Na Msomi, hilo la kazi kulala kwa nani ndilo linaloniuma. Kuna kundi la twari nililokuwa nikifanya nalo kazi. Ikaja kampuni moja ya kutengeneza matangazo, ikaomba kuchukua mandhari na sauti kidogo. Vijana wakapewa soda na nauli. Baadaye twari zile zile zikasikika nyuma ya tangazo la hoteli ambayo hata pwani haiko. Hapakuwa na karatasi iliyotiwa saini, basi hapakuwa na pa kushika. Msomi, hebu iweke hapa ile sheria uliyonieleza.

Msomi_Mkomani

Kwa ufupi. Katiba ya 2010, ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ikaja 2016, ni Sheria Nambari 33 ya mwaka huo, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila. Inataka jamii iombwe idhini kabla, na kila serikali ya kaunti iweke rejista. Hakimiliki ya kawaida inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini goma halina mtunzi mmoja, wala ngoma zetu nyingine kama kirumbizi na uta. Ndiyo maana ikahitajika sheria nyingine. Kazi yetu ni kwenda na orodha iliyoandikwa vizuri: jina la mchezo, nani hucheza, wakati gani, nani ana neno la mwisho.

Juu ya akili unde: Juni 2024 makampuni makubwa ya muziki, Universal, Sony na Warner, yaliyashtaki Suno na Udio, makampuni ya akili unde inayotunga nyimbo, kwa kuzitumia rekodi zao kufundishia mashine bila idhini. Mwaka huo huo jimbo la Tennessee, Marekani, likapitisha sheria inayolinda hata sauti ya mtu isiigizwe. Wao wana mawakili. Msoma qasida wa Langoni ana nani? Kama hana karatasi, hana mtu.

Mama_Vugo

Salaam wanangu. Nimesoma yote na mjukuu wangu ananiandikia. Mbona hamujanena la wanawake?

Mimi nimecheza vugo tangu nikiwa kijana. Pembe za nyati mkononi, zagongwa kwa vijiti, na mwimbishaji atoa ubeti wenzake wapokea. Hatukungoja kaunti. Mama zetu walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, kila mmoja akichanga, michango ikinunua sare na chai ya mazoezi, na aliye na shida akisaidiwa humo humo. Chama hiki kikishindana na kile, kwa hiyo mazoezi yalikuwa makali, hakuna aliyetaka kuaibishwa. Ni wanawake waliolipa, na walipa wenyewe ndio waliosema nani aingie na nani asiingie.

Jambo langu la pili ni zito zaidi. Vugo letu ni la ndani. Harusini twacheza tumetoa buibui, wasichana wamejipamba. Sasa kila mtu ana simu. Binti mmoja apiga picha, kesho iko mikononi mwa watu tusiowajua. Kuna akina mama wameacha kuja kabisa kwa sababu hiyo, na mwimbishaji asipokuja nyimbo hazirithiwi. Mnaposema kesho ya sanaa ni kurusha hewani, kwetu sisi kesho ni mlango kufungwa na simu kukusanywa kwenye kikapu. Mkiandika hiyo karatasi yenu, pawe na mahali pa kusema hapana.

Mgeni_wa_Malindi

Hodi. Niko Malindi, nimekulia kwenye vikundi vya ngoma za Kigiriama. Niwaonye na jambo tulilolipitia sisi.

Hoteli zetu zililipa. Kila wiki kikundi kilikuwa na usiku wake, Waitaliano wakijaa, pesa ikitoka. Lakini mwanzele unaokwenda saa nyingi ulikatwa ukawa wa robo saa, wageni wapate kurudi kwenye chakula. Watoto waliojiunga wakati ule walifundishwa ile robo saa tu. Mwaka 2014 nchi za nje zilipowaonya watu wao wasije pwani, wageni wakapungua. 2020 wakakatika kabisa. Vikundi vikavunjika. Na tulipotaka kucheza wenyewe kwenye shughuli zetu, tukakuta vijana hawajui kinachofuata baada ya ile robo saa. Wazee ilibidi waanze upya.

Kwa hiyo namuunga mkono Mama. Anayelipa ndiye anayepima urefu wa ngoma.

Kijana_wa_Dau

Mimi naona mnasahau mfano ulio mbele ya macho yetu. Flipflopi. Chombo kizima cha plastiki iliyookotwa, kama tani 10, kimepambwa kwa ndara 30,000 za rangi, kimeundwa hapa hapa na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda. Kilishushwa majini Septemba 2018, na mapema 2019 kikatweka mpaka Zanzibar, kama kilomita 500.

Wengi walikitazama kwa ajili ya mazingira, na ni haki. Mimi nilivutiwa na jambo jingine. Plastiki haikati kama mbao. Inapata moto, inapinda, misumari haishiki vile vile. Mafundi ilibidi wajaribu, waharibu, wajaribu tena, na muda huo wa kuharibu ulikuwa na wa kuugharamia. Fundi wa kawaida kijijini Matondoni, kwa waunda vyombo, hawezi kuharibu ubao hata mmoja. Ndiyo maana anaunda dau lile lile la babu yake, watu wakasema hana ubunifu. Ubunifu anao, hana ubao wa kuharibu.

Fundi_Nakshi

Kijana wa Dau, Mungu akuzidishie. Hilo ndilo nililokuwa nikitaka kulisema nikakosa njia.

Mtayarishaji_Langoni

Nami nimelishika. Sasa lile la pili nililoahidi.

Kila Mfunguo Sita (Rabiul-awwal) mji huu unapokea watu kutoka pwani nzima na mbali zaidi, wanakuja msikiti wa Riyadha kwa Maulidi ya Habib Swaleh, mwanzilishi wake. Hakuna tiketi. Nyumba zinafunguliwa, vyungu vinapikwa, wageni wanalala, vijana wa madrasa wanasoma na twari zinakwenda kwa mpangilio ambao mtayarishaji yeyote angeuonea wivu. Mbio za punda zipo, mashindano ya vyombo yapo, zefe (maandamano ya qasida) inapita mjini. Ule umahiri wa twari haukununuliwa wiki ile. Umefundishwa mwaka mzima, na waliokuwa wakifundishwa walikuwa wakila. Nani alilipa? Mji ulilipa, kwa sadaka, kwa michango, kwa mali zilizowekwa wakfu vizazi na vizazi.

Nauliza basi: tukiwa na duka moja au nyumba moja iliyowekwa wakfu, kodi yake ikaenda kwa wanafunzi wa fundi, si tutakuwa tumepata kile ambacho Ireland wamekitafuta kwa serikali?

Ustadh_Pate

Nimevutwa na hili, na nitasema waziwazi kwa sababu naona nia yako ni njema. Maulidi ni ibada na mapenzi ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Usiyaweke kwenye safu moja na tamasha, watu wataumia na watakuwa na haki.

La wakfu lina mashariti yake. Mali ikishawekwa haiuzwi wala hairudi, na lengo liwe la kheri ambalo haligombaniwi. Khati, tenzi, qasida, twari, ufundi wa nakshi na wa kuunda vyombo: haya sioni mwenye kuyapinga, ni elimu na ni riziki ya halali. Goma na vugo wanazuoni watatofautiana, na ukiyatia humo utaufungulia mfuko wako mlango wa mabishano mpaka uvunjike. Nakushauri ufanye mbili. Wakfu kwa yale ya kwanza, upite kwa Tume ya Wakfu Mombasa kwa utaratibu wao. Na kwa haya ya pili, chama kilichosajiliwa, kama walivyokuwa akina mama wa lelemama.

Mtayarishaji_Langoni

Ustadh, nimekubali yote mawili. La ibada nilimaanisha namna mji unavyojitolea, lakini nimeelewa jinsi lilivyosomeka, na nitalisema kwa adabu zaidi popote nitakapolirudia.

Basi nimeanza kuandika rasimu ya karatasi moja, ya kutumiwa na kikundi chochote kitakachofuatwa na mtu wa kurekodi, kupiga picha au kualika. Nimetia hivi. Malipo yagawanywe tangu mwanzo, sehemu ya siku na sehemu ya mazoezi, na ile ya mazoezi ilipwe kabla. Nakala ya kila kitu kilichorekodiwa ibaki Amu, kwa kikundi chenyewe na nyingine mahali pa kuaminika, hilo ni kwa sababu ya Kijumwa. Matumizi yaandikwe kwa jina: filamu hii, kwa muda huu, kutangaza hoteli ni mkataba mwingine, kufundishia mashine ni mkataba mwingine. Kikundi kiseme chenyewe mchezo unadumu kwa muda gani, na mwenye haraka atafute kitu kingine. Na mwimbishaji au kiongozi aweze kusema hapana kwa sehemu yoyote bila kupoteza malipo ya iliyobaki, Mama, hiyo ni yako.

Rapa, wewe na wenzako mtaitumia hiyo hiyo.

Rapa_Wiyoni

Nimeridhika. Ila weka na kipengele cha bei ya studio, maana wewe pia ni mtu wa kulipwa, na mimi sitaki kukukopa kila mara.

Fundi_Nakshi

Na mbao. Andika "vifaa vya kujifunzia", uvitaje: ubao wa kuharibu, patasi, msasa. Usipovitaja mteja atasema viko ndani ya bei.

Mama_Vugo

Mjukuu ananisomea. Iandikwe kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti mbele ya kikundi kabla ya saini. Sote si wasomaji.

Msomi_Mkomani

Nitaisoma upande wa sheria nikiipata. Mgeni wa Malindi, kama rejista ya kaunti yenu ya Kilifi imeanza kujazwa, tuletee fomu yake tuone wanauliza nini, tusije tukaandika orodha yetu kwa namna wasiyoitaka.

Mgeni_wa_Malindi

Nitaulizia Jumatatu nikipita mjini, inshallah.

Ustadh_Pate

Rasimu ikiwa tayari nitumie sehemu inayohusu mali kabla hujaionyesha kwa mwenye duka yeyote. Neno moja likikosewa pale, wakfu unakuwa ni hiba, yaani zawadi ya mtu, na hiba warithi wataigawa.